Nilidhani nimenunua fahali, kumbe nilinunua machicha

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliyesema hivyo hakuwahi kufika mnada wa ng'ombe. Miaka saba iliyopita niliona pale dume la Boran, nundu imesimama wima, ngozi inang'aa kama iliyopakwa mafuta, mizani ikasoma kilo 520. Sikuuliza la pili. Usiku huohuo alikuwa ameshafika kwangu Rongai, kaunti ya Nakuru.

Miezi minne akila nyasi kama wenzake, nundu ikalegea ikaegemea upande. Hilo ningelivumilia. Kilichoniuma ni ndama wake: walipofika mwaka mmoja, hawakuwa na tofauti yoyote na wale wa dume la zamani nililouza kwa bei ya nyama.

Jirani yangu, mzee aliyestaafu kazi ya mifugo, alimzunguka yule fahali mara mbili, mikono nyuma.

"Kijana wangu, muuzaji alikuwa akimlisha nini?"

"Machicha na molasi, Mzee."

"Basi ulinunua machicha."

Alicheka peke yake. Kisha akanieleza jambo ambalo ningelilipia pesa nyingi kulijua mapema: kilo unazosoma kwenye mizani ni damu na malisho vilivyochanganyika, na mizani haijui kuvitenga. Utavitenga wewe kwa kulinganisha ng'ombe waliozaliwa msimu mmoja, wakachungwa pamoja, wakaoga josho moja. Hata hapo, tofauti yote si ya damu. Kwa uzito wa mwaka mmoja, takriban asilimia 40 ya tofauti hizo hutokana na urithi. Kwa uzito wa kuachishwa ziwa ni kidogo zaidi, karibu robo, maana hapo maziwa ya mama yanaingilia.

Sasa piga hesabu. Fahali amewazidi wenzake kwa kilo 40 akiwa wa mwaka mmoja. Asilimia 40 ya hizo ni kilo 16. Ndama hupata nusu tu ya urithi wa baba, kwa hiyo tarajia kilo 8 za ziada kwa kila ndama, basi. Ni kidogo? Zidisha kwa ndama 25 kwa mwaka, na mabinti watakaobaki bomani wakizaa. Lakini ndama wangu hawakuwa na hata hizo nane, kwa kuwa sikujua wenzake wa yule fahali walikuwa na uzito gani. Nililinganisha ng'ombe aliyenoneshwa na wangu waliokonda kwa kiangazi.

Umri nao hudanganya. Mwaka jana nilikuwa na ndama wawili wa kiume. Wa kwanza alikuwa na kilo 170 akiwa na siku 240, wa pili kilo 155 akiwa na siku 190. Mchungaji wangu alishamchagua wa kwanza. Nilitoa uzito wa kuzaliwa, 26 na 25, nikagawanya kwa siku, nikazidisha kwa siku 205, ambazo ndizo kipimo wafugaji wa nyama hutumia, kisha nikarudishia uzito wa kuzaliwa. Wa kwanza akaja kilo 149, wa pili 165. Na mama wa huyo wa pili alikuwa mtamba, uzao wake wa kwanza, ambao kwa kawaida hutoa ndama mwepesi. Daftari la shule na kalamu vilitosha.

Jihadhari na kitu kimoja: jeni zinazoongeza uzito wa mwaka huwa zinaongeza na uzito wa kuzaliwa. Niliwahi kuweka mbegu ya Charolais, ng'ombe jitu wa Ulaya, kwa mtamba mdogo wa kienyeji, kwa tamaa. Tulivuta kamba tangu saa nane usiku hadi alfajiri. Ndama alikufa, mama akakaa siku tatu bila kusimama. Tangu hapo mbegu za majitu hayo naziwekea ng'ombe waliokwisha kuzaa, wenye nyonga pana. Mitamba napandisha kwa Boran.

Na wale mnaonitumia picha za Belgian Blue wenye misuli kama magunia: hiyo ni hitilafu katika jeni moja, miostatini, na wengi wao huzaa kwa kupasuliwa. Ukuaji wa kawaida haukai kwenye jeni moja. Umetawanyika katika jeni nyingi sana, kila moja ikiongeza chembe yake, ndiyo maana huwezi kuuona kwa macho.

Fahali niliye naye leo nilimchukua kwa mfugaji aliyenifungulia daftari lake: wa kwanza kwa uzito kati ya madume kumi na mmoja waliolelewa boma moja. Nundu yake ni ya wastani na pembe moja imepinda. Mabroka wakipita hapa huniuliza kama huyo ni wa kuchinjwa. Mwakani, kabla mabinti zake hawajafikia kupandwa, namuuza, maana baba akipanda bintiye ndama hudumaa. Bei yake nimeshaiandika, na daftari litakwenda naye.