Nyama haikuwa mbaya, uliiepua mapema

Mwanangu mpenzi,

Sisi huku hatujambo. Ujumbe wako nimeupata. Umepika chili ya nyama ya ng'ombe, ule mchuzi mzito wa nyama na pilipili wa Kimarekani, kwa saa moja na nusu kwenye moto mkali, na bado nyama ikatoka ngumu, mchuzi mwepesi, pilipili inawasha tu bila ladha. Unauliza kama safari ijayo ununue nyama laini zaidi. Hapana. Nunua ileile ngumu.

Chili ni chakula cha muundi, bega na shingo, sehemu ambazo ng'ombe huzifanyisha kazi kila siku. Zitazame vizuri zikiwa mbichi: utaona utando mweupe umepita katikati ya nyama. Huo ni kolajeni. Ukikaa kwenye joto la kuanzia nyuzijoto 70 hivi kwa saa kadhaa, huyeyuka ukawa gelatini, na hiyo ndiyo inayoufanya mchuzi uwe mzito na kunata midomoni bila kutia unga. Sarara, ile nyama laini ya mgongoni, haina utando wa kutosha. Ukiipika saa tatu itakauka tu.

Shida ni kwamba kabla utando haujayeyuka, nyama hukaza kwanza na kujikamua maji. Ukiionja wakati huo utaapa imeharibika, na wewe ndipo ulipoiepua. Ipe saa mbili na nusu, hata tatu. Ikishachemka punguza moto mpaka uone viputo viwili vitatu tu vikipanda hapa na pale. Moto mkali hauharakishi kitu. Unazidi kuikausha nyama, na mchuzi unashika chini.

Sasa mwanzo, ambao ndio naujali kuliko yote. Kilo moja ya nyama ikate vipande vikubwa, ipanguse iwe kavu kabisa, kisha ikaange kwa mafungu kwenye sufuria zito. Ukiijaza yote kwa pamoja inatoa maji, na nyama inachemka badala ya kukaangika. Usiigeuze-geuze. Iache mpaka yenyewe iachie sufuria na upande wa chini uwe kahawia iliyokolea. Ukitoa fungu la mwisho utakuta ukoko umeshika kitakoni. Tafadhali usiuoshe! Mimina vitunguu viwili vilivyokatwakatwa. Maji yake yataulainisha, nawe ukwangue kwa mwiko mpaka kitako kiwe safi. Ladha ya chungu kizima iko pale.

Pilipili tumia zile kavu, kubwa, zisizo kali sana. Zitoe mbegu, zipashe sekunde chache kwenye sufuria kavu zinukie (zikiungua zinakuwa chungu), ziloweke maji ya moto dakika 20, uzisage. Rojo hilo likaange kwenye mafuta pamoja na kitunguu saumu na kijiko cha bizari nyembamba, ndipo utie nyanya kidogo, nyama na maji ya kuifunika tu. Rangi na ukali wa pilipili huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Ndiyo maana yako iliwasha bila kukolea: uliitia juu ya mchuzi.

Uliuliza pia kama maharagwe ni lazima. Si lazima. Texas, jimbo la Marekani ambako chili ilitangazwa chakula rasmi cha jimbo mwaka 1977, wapo wanaoapa kwamba chili yenye maharagwe si chili. Mimi nayapenda. Lakini mwanangu, maharagwe mekundu makavu yana sumu ambayo moto mdogo hauiui. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, yachemshe kwa nguvu dakika 30 kwenye maji mapya, kisha uendelee kuyapika peke yake mpaka yaive ndipo uyatie. Ukiyatia mabichi kwenye nyanya, uchachu wake utayafanya yakatae kulainika.

Chumvi ongeza mwishoni, maana mchuzi unapungua na chumvi inajikusanya. Chili ikibaki, igawe kwenye vyombo vifupi ipoe haraka, uiweke kwenye friji. Kesho yake inakuwa tamu zaidi.

Jumamosi anza saa nne asubuhi, saa nane mtakuwa mezani. Nipigie ukifika kwenye kukaanga, nitakaa nawe kwenye simu.

Mama yako