Kutoka Hamburg kwenda Zürich: Kijerumani chako kitatosha, shida iko kwingine

Dada, umeuliza kama Kijerumani ulichojifunzia Hamburg, Ujerumani, kitakutosha kazini Zürich, Uswisi. Kwa kuandika taarifa na kusoma maelekezo ya dawa, kinatosha kabisa. Watu wa Zürich wao kwa wao huongea lahaja yao ya Kijerumani, mkurugenzi kwa mfagizi, na wanaithamini sana: mwaka 2011 wapiga kura wa jimbo la Zürich waliamua itumike chekechea. Izoeze masikio, usihangaike kuiiga.

Kitakachokupa shida ni namna ya kufikisha jambo. Nimefanya kazi kwenye makao ya wazee nchi zote mbili. Ujerumani, wakati wa kukabidhi zamu, mtu anasema mbele ya wote, "Ratiba hii ya kuogesha haifai, tubadilishe." Mnabishana, mnamaliza, mnakwenda kunywa kahawa bila kinyongo. Zürich nilimshuhudia mwenzetu kutoka Berlin akisema maneno hayohayo. Kimya. Hakuna aliyempinga. Msimamizi akajibu "tutaangalia", ratiba ikabaki ilivyo. Baadaye muuguzi mmoja Mswisi akawa anampitia kila mtu kwa wakati wake: "Wewe unaonaje, tukianza na ghorofa ya pili?" Kikao kilichofuata, ratiba mpya ikapita bila mtu kuinua sauti. Wazo lilikuwa lile la Mberlin!

Hata dukani utaona. Ujerumani ukisema "Ich kriege zwei Brötchen", yaani "napata mikate midogo miwili", hakuna anayeshtuka. Zürich hiyo ni amri. Unaanza na salamu yao, Grüezi, unasema ungependa mikate miwili, unashukuru, unaaga. Kazini msalimie mtu kwa jina, na ukiondoka umuage kwa jina vilevile.

Kuna anayesema kwamba Waswisi ni wanafiki. Sikubaliani naye hata kidogo. Nchi yao inaongozwa na baraza la watu 7 kutoka vyama vinavyopingana, na wakishaamua, wote wanausimamia uamuzi huo hadharani. Wananchi nao huitwa kupiga kura za maoni hadi mara nne kwa mwaka. Watu waliokulia humo wanajua kwamba unayemshinda leo kesho utamhitaji, kwa hiyo wanaelewana kwanza, kikao baadaye. Ni heshima, na sisi tuliolelewa kupiga hodi kabla ya kuingia tunaipata haraka kuliko Wajerumani wengi.

Ukifika na wazo, usilipeleke kikaoni. Saa tatu asubuhi wana mapumziko ya kahawa, wanayaita Znüni. Kaa na mmoja, muulize anaonaje, kisha msubiri amalize kufikiri.