Fomu ya ushauri nasaha: bosi ataambiwa nini?

SWALI: Kampuni yetu hutulipia vikao 6 vya ushauri nasaha. Nilipofika mara ya kwanza nilipewa fomu nikaambiwa, "Tia sahihi tu, ni kawaida." Nina mambo ya ndoa ya kuzungumza. Je, bosi atayajua? Na nikishatia sahihi, nimejifunga?
Mfanyakazi, Nakuru

JIBU: Usitie sahihi kabla hujaelezwa. Ridhaa ni kukubali kwako baada ya kuelezwa; sahihi ni ushahidi tu kwamba ulielezwa, ukaelewa na kukubali.

Tafuta sentensi inayosema taarifa zako zitatolewa "kwa wahusika inapobidi". Hapo ndipo watu hunaswa, maana mhusika anaweza kuwa yeyote. Ikate kwa mstari mmoja, juu yake andika: "Mwajiri apewe idadi na tarehe za vikao pekee." Wewe na mshauri mtie sahihi fupi na tarehe pembeni, nawe uondoke na nakala. Mwajiri hahitaji zaidi ya hapo ili alipe bili. Kama ni yeye aliyekutuma, tuseme baada ya kesi ya nidhamu, huenda akataka ripoti; uliza mapema itasema nini, na uombe kuisoma kabla haijatumwa.

Siri ina mipaka. Mshauri anaweza kuitoa ukiwa karibu kujidhuru au kumdhuru mtu, mtoto akidhulumiwa, au mahakama ikiamuru. Akueleze haya kikao cha kwanza, si siku yanapotokea. Kurekodi sauti kunahitaji ridhaa ya peke yake, na ukikataa bado uhudumiwe.

Hujajifunga. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, habari za afya na za familia ni data nyeti. Unaweza kuondoa ridhaa wakati wowote, na wanaotumia taarifa zako ndio wenye kuthibitisha kwamba uliitoa. Ila kilichokwisha kutumwa kihalali hakirudi, kwa hiyo usikawie. Iondoe kwa barua yenye tarehe. Una haki pia ya kuomba kuona kumbukumbu zako.

Siri ikivuja, lalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria inataka lalamiko lichunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90. Mwenendo mbaya wa mshauri upeleke kwa bodi iliyoundwa na Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014; kwa sababu hiyo, chukua nambari yake ya usajili siku ya kwanza.