Gramu 250 za kikombe ni za maji, si za unga

SWALI: Naoka keki za kuuza hapa Umoja. Nilipata maelekezo ya keki ya Kimarekani: unga wa ngano vikombe 3, sukari vikombe 2, siagi kikombe 1. Nina mizani, kwa hivyo nikabadilisha kwa chati niliyopewa kwenye kozi ya wiki moja, inayosema kikombe kimoja ni gramu 250. Keki ilitoka kavu, ikapasuka juu, mteja akairudisha. Niongeze maziwa au nibadilishe aina ya unga?

JIBU: Unga wako hauna kosa, dada, na maziwa yaache yalivyo. Kosa ni la hiyo chati. Nimeiona jikoni kwa watu wengi, imewekewa plastiki na kubandikwa kwenye friji kama cheti.

Gramu 250 ni uzito wa maji yanayojaza kikombe cha mililita 250. Basi. Mtu alichukua hesabu ya maji akaibebesha kila kitu kilichomo kabatini. Unga umejaa hewa katikati ya chembe zake. Tena kikombe cha Marekani ni kama mililita 237, na unga uliotiwa humo kwa kijiko na kusawazishwa una uzito wa gramu 120 hadi 125. Wewe ulihitaji kama gramu 375, ukatia 750. Mara mbili! Sukari ilipaswa kuwa 400, ukatia 500. Siagi peke yake ndiyo iliyokaribia, kwa bahati tu, maana kikombe chake ni gramu 227. Ukiiongezea maziwa keki kama hiyo, utapata donge kubwa lisilo na mayai ya kutosha.

Wanafunzi wangu siwahutubii kuhusu jambo hili. Nachukua kikombe kimoja na pakiti ya kilo 2. Kwanza natia unga kwa kijiko, napitisha mgongo wa kisu juu: mizani inasoma 122. Namwaga, kisha nachota kwa kikombe chenyewe ndani ya pakiti na kukigonga mezani mara tatu: 158. Hapo darasa hunyamaza. Na anayenunua mahindi kwa gorogoro sokoni alishalijua hili zamani. Mkebe ni uleule, lakini kuna muuzaji anayeujaza ukafurika na kuna anayeubonyeza kitako.

Kwa hiyo hakuna namba moja ya kubadilishia vikombe kuwa gramu. Kila kiungo kina yake: asali kikombe kimoja inakaribia gramu 340, kakao huenda isifike 100. Ukipata maelekezo ya vikombe, tafuta uzito wa kila kiungo, pima, oka mara moja, kisha andika gramu zako daftarini na uvisahau vikombe. Hamira na chumvi kidogo endelea kupima kwa kijiko cha mililita 5, kwa sababu mizani nyingi za jikoni hubahatisha chini ya gramu chache. Mizani yenyewe ijaribu kwa kuweka bakuli, kurudisha sifuri, na kumimina mililita 100 za maji. Ikisoma mbali na 100, usiiamini.

Kinachoniudhi ni hizi kozi za wiki moja. Mtu analipa pesa, anatoka na cheti, sare na karatasi yenye namba moja ya kila kitu, halafu anakwenda kukopa anunue oveni. Keki ikiharibika analaumu unga, analaumu stima, analaumu mkono wake. Aliyemuuzia karatasi hayupo. Nimewahi kumkuta mmoja akifundisha kupimia kwa kikombe cha chai, kile chenye mkono, "kwa sababu kila nyumba inacho." Kila nyumba inacho kweli, na kila kimoja kina ukubwa wake. Ukipewa chati, tazama mistari miwili tu, wa unga na wa sukari. Ikiwa gramu za mistari hiyo miwili zinalingana, mrudishie mwenyewe na udai pesa zako.