Uliza Ujibiwe: Faili Lina Jina Lako

Barua za mwezi huu zimetoka Kaunti ya Lamu, visiwani na bara, isipokuwa moja ya Malindi, na zote zinamhusu mtu mmoja: afisa anayesimamia shauri la mtu mwenye ulemavu. Ni yule anayekuja na fomu, akatathmini hali, akaandika mpango wa huduma, akatoa barua ya kwenda hospitali au shuleni, kisha akafuatilia kama mambo yamefanyika. Huenda ni wa serikali kuu, wa kaunti au wa shirika. Majina tumeyaficha na barua tumezifupisha.

*Mwanangu ana miaka 24 na ana mtindio wa ubongo. Hasemi sana, lakini anaelewa. Afisa akija huzungumza na mimi tu. Mwezi uliopita nilitia sahihi mpango, nakala sikupewa. Sasa naambiwa atapelekwa kituo kilicho bara, naye hataki. Je, sahihi yangu imeshamfunga? — Mama, Langoni*

Haijamfunga, mama. Alipotimiza miaka 18 mamlaka ya mzazi yalikwisha, na ulemavu hauyarudishi. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na Kifungu cha 12 kinasema mtu mwenye ulemavu ana uwezo wa kisheria sawa na mwingine yeyote. Akihitaji msaada wa kuamua, asaidiwe, si aamuliwe. Kama hakuna amri ya mahakama iliyokupa usimamizi wake, sahihi yako ni ya shahidi tu.

Mwambie afisa arudi, na safari hii aketi mbele ya kijana. Kumuuliza mtu asiyesema sana kuna ufundi wake. Ukimuuliza "Wataka kwenda?" huenda akaitikia kwa kichwa kwa sababu maisha yake yote kuitikia ndiko kunakowafurahisha watu. Mpe mawili achague: "Ubaki hapa nyumbani, au uende kule?" Weka picha mbili, moja ya nyumbani na moja ya kile kituo, angalia macho au mkono unaelekea wapi. Baada ya muda kidogo uliza tena, lakini geuza mpangilio: kituo kwanza, nyumbani mwisho. Akichagua lile lile mara zote mbili, hilo ni jibu. Akichagua la mwisho kila mara, basi bado hujapata jibu, uliza siku nyingine asipokuwa amechoka. Afisa aandike alivyouliza na alivyojibiwa, si neno "amekubali" peke yake.

Nakala ya mpango ni haki. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na kanuni zake za 2021, anayeshika taarifa za mtu akiombwa aoneshe zilizomo anapaswa kutekeleza ndani ya siku 7, bila malipo. Barua fupi yatosha: "Mimi, fulani, naomba nakala ya taarifa zangu zote mlizo nazo, pamoja na mpango wa huduma uliotiwa sahihi tarehe fulani. Pia naarifu kwamba sikubali kuhamishwa." Mwanao aweke dole gumba baada ya kusomewa kwa sauti, na shahidi asiwe mtu wa ofisi ile. Peleka nakala mbili, moja ibaki kwako ikiwa imepigwa mhuri na tarehe ya kupokelewa. Mhuri huo usiudharau. Malalamiko mengi hufa kwa sababu ofisi inasema haijaona barua yoyote, na hapo huna la kuonyesha.

Mpango ukikufikia, usome mstari kwa mstari. "Atapewa usaidizi wa viungo" ni maneno matupu. Mstari wenye maana husema nani, nini, wapi na lini: "Mtaalamu wa mazoezi ya viungo atamwona nyumbani Jumanne mbili kila mwezi, nauli ya boti italipwa na ofisi, mpango utapitiwa upya baada ya miezi mitatu." Palipokosekana tarehe, palalamikie kabla ya kuweka dole.

*Tuliletewa kiti cha magurudumu bila kupimwa. Ni kipana, vichochoro vyetu havikipitishi, na baba ameanza kuchubuka makalio. Afisa asema tushukuru, wengine hawana. — Kijana, Mkomani*

Anza na baba, barua itafuata. Mchubuko huo uonwe hospitalini leo, usingoje miadi. Nyumbani, kagua ngozi asubuhi na jioni. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo gusa: pakiwa na joto au pagumu kuliko pembeni, asikalie hapo mpaka pamerudi sawa. Akiwa kitini, kila dakika 20 au 30 ainame mbele au ajiinue kidogo ili damu ipite.

Kiti hupimwa kwa mwili wa mtu. Upana wa kalio la kiti ni upana wa nyonga zake akiwa ameketi. Kina chake ni urefu kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, ukitoa sentimita 3 hadi 6. Kikiwa kirefu zaidi ya hapo, mtu huteleza mbele ili magoti yakunjike, akawa anakalia mfupa wa mkia. Pengine ndipo kidonda cha baba kilipoanzia. Sehemu ya miguu hufuata urefu wa muundi, kutoka nyuma ya goti hadi kisigino, na lazima kuwe na mto wa kupunguza mgandamizo, si godoro lililokatwa. Kisha kuna mji wenyewe. Kabla ya kuagiza, afisa apime mlango wa nyumba, daka (kibaraza cha mlangoni), na kichochoro pale kinapobana zaidi, na aulize vidato vya gati vitapandwa vipi. Chumvi ya bahari hula beringi, kwa hiyo mpango useme nani atazitia grisi na vipuri vitatoka wapi.

Hilo la "shukuruni" lirudishwe kwa adabu. Huduma iliyoandikwa kwenye mpango si sadaka. Katiba, Kifungu cha 54, inampa baba haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kukabili vikwazo vya ulemavu wake, na kifaa kinachomtoa vidonda hakijamsaidia. Andika kwamba kiti kimekataliwa kwa vipimo, weka vipimo vyenyewe ndani ya barua, na uombe tarehe ya kupimwa upya.

*Mimi ni kiziwi. Kila mkutano afisa humtumia shemeji yangu kutafsiri. Ninalotaka kusema linamhusu shemeji huyo huyo. — Dada, Malindi*

Usiseme mbele yake, dada. Mtumie afisa ujumbe wa simu kabla ya siku ya mkutano: "Nahitaji mkalimani wa lugha ya ishara asiye wa familia yangu. Sababu nitaieleza ana kwa ana." Hulazimiki kuandika zaidi ya hayo, hasa kama simu yako hushikwa na wengine, ukishatuma, futa. Kutumia lugha ya ishara ni haki iliyoandikwa katika Kifungu hicho hicho cha 54, na kumtafuta mkalimani na kumlipa ni kazi ya ofisi. Jamaa anayetafsiri hufupisha, hupamba, na mara nyingine hujibu yeye. Dalili yake ni hii: wewe umeeleza kwa dakika mbili, yeye akasema maneno matatu.

Mkalimani akifika, muulize kwanza kama anajuana na watu wa nyumbani kwenu. Malindi si kubwa kiasi hicho. Keti uone uso wake na wa afisa kwa pamoja. Afisa akuangalie wewe, siyo yeye. Ikiwa jambo lenyewe ni kupigwa au kuingiliwa, usingoje mkutano: nenda hospitali kwanza, ndani ya saa 72, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI hazianzishwi baada ya hapo. Polisi watakupa fomu ya P3, ambayo daktari huandika majeraha yako. Kuna laini ya 1195 kwa dhuluma za kijinsia, mtafute mtu unayemwamini akupigie.

*Faili letu limefungwa, limeandikwa "hakupatikana". Tulikuwepo! Afisa alisema angefika saa nne, akafika Faza jua likizama, akarudi. — Mzee, Kizingitini*

Anayepanga ziara ya Kizingitini kwa saa ya ukutani bila kuuliza maji hajui anakokwenda. Mkanda, ule mlango wa maji wa kupitia boti, ukipwa boti hungoja, na mtu wa Kizingitini hana kosa lolote hapo. Lakini hasira hazifungui faili, mzee wangu. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 ndiyo ya kushika. Ofisi ikichukua hatua inayokuumiza, una haki ya sababu kwa maandishi. Ziombe mapema, mara tu unapojua, nayo ofisi ina wajibu wa kukujibu. Isipojibu, sheria inachukulia kwamba hatua ile haikuwa na sababu nzuri. Sheria hiyo haiishii kwa ofisi za serikali. Inawagusa hata wasio wa serikali ambao hatua zao zinaathiri haki za mtu.

Omba pia rekodi ya ziara: tarehe, saa ya kuondoka, boti, na waliwatafuta nyumba gani. Kama ofisi ni ya umma, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa siku 21, au saa 48 ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ombi laweza kuwa kwa Kiswahili. Asiyeweza kuandika kwa sababu ya ulemavu au kutojua kusoma asimulie kwa mdomo. Afisa wa habari ana wajibu wa kuliandika ombi na kumpa nakala. Wengi huko madawatini hawalijui hili, au wanajifanya. Wakigoma, peleka kwa Ofisi ya Ombudsman, inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Na katika barua yako pendekeza ziara ijayo ipangwe kwa maji, uwape siku mbili ambazo maji yatajaa asubuhi.

*Picha ya binti yangu akikabidhiwa magongo imesambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, na chini imeandikwa ugonjwa wake. Ana miaka 15. — Baba, Mpeketoni*

Kumpa magongo hakukuwapa picha yake. Habari za afya ni data nyeti kisheria, na kwa mtoto ridhaa ni ya mzazi au mlezi, tena ilingane na maslahi ya mtoto. Ukiwa ulitia sahihi fomu, angalia iliandika nini: ridhaa ya kupokea magongo na ridhaa ya kupigwa picha ni mbili, na kuzibana katika sahihi moja ndiyo hila ya kawaida. Hata uliyoitoa waweza kuiondoa wakati wowote, na huduma isikatwe kwa hilo. Leo hii hifadhi picha ya skrini inayoonyesha kundi, tarehe na maandishi, kwa sababu wakishafuta utakuwa huna ushahidi. Halafu andika kudai ifutwe. Wakipuuza, lalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data; malalamiko yanapaswa kuchunguzwa na kumalizwa ndani ya siku 90, wala huhitaji wakili. Muulize na binti mwenyewe anataka nini. Huenda kinachomuuma ni lile neno la ugonjwa zaidi ya picha.

*Ndugu yangu ndiye mlezi aliyeandikishwa kunichukulia pesa za Inua Jamii, ule msaada wa serikali wa kila mwezi. Nakuta elfu moja tu. Afisa wangu asema hayo ni ya familia. — Msomaji asiyeona, Shela*

Si ya familia. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi na ni zako. Mlezi anakuchukulia tu. Nenda na kitambulisho chako kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo, uombe kubadilisha mlezi, na uende na huyo mpya akiwa na kitambulisho chake. Taja miezi iliyopungua na kiasi, mwezi mmoja mmoja. Namba ya siri asipewe mtu mwingine, hata afisa "wa kukusaidia". Na ukiona afisa huyo hakusikilizi, omba kwa maandishi upewe mwingine. Hiyo nayo ni haki, na ombi hilo liingie kwenye faili lako likiwa na tarehe.