Mwanangu asome riwaya au muhtasari?

SWALI: Mwanangu wa darasa la sita, shule ya mchepuo wa Kiingereza, kaletewa na baba yake mdogo riwaya ya A Wrinkle in Time. Jirani anasema ina mambo ya kichawi, na Kiingereza chake kinamtoa mtoto jasho. Nimtafutie muhtasari wa Kiswahili? – Mama, Uyole, Mbeya

JIBU: Hapana, Mama. Asome kitabu.

La uchawi nalimaliza haraka. Mwandishi, Madeleine L'Engle, alikuwa Mkristo; kitabu kilitoka mwaka 1962, na ndani yake Yohana 1:5 imenukuliwa. Kinamhusu Meg, msichana anayemtafuta baba yake aliyepotea kwenye sayari za mbali. Wale bibi watatu wa ajabu wanaomsaidia hawamrogi mtu, na mmoja wao zamani alikuwa nyota. Safari zao za kufika sayari za mbali mara moja mwonyeshe kwa kanga. Ishike huku na huku, sisimizi atoke mkono mmoja kwenda wa pili: mwendo mrefu. Kutanisha mikono, kafika. Kitabu chenyewe kinaeleza hivyo, kwa vazi la bibi mmojawapo. Mwambie kwamba huo ni ubunifu, hakuna aliyewahi kusafiri hivyo. Kimondo cha Mbozi, chuma kilichotoka angani, hicho ni cha kweli na kinafikika.

Sehemu ya kusoma naye ni sayari ya Camazotz. Watoto wanadundisha mipira kwa mdundo mmoja mbele ya nyumba zinazofanana. Mmoja anakosea, mama yake anatoka mbio kwa hofu na kumbeba ndani. Baadaye tunamkuta mtoto huyo akifundishwa kudunda sawasawa, kwa maumivu. Inatisha, msiisome saa ya kulala.

Sasa hizo karatasi za fotokopi mnazouziwa steshenari, "wahusika, dhamira, mafunzo". Zinanikera kweli. Zitamwambia mwanao kwamba Meg anamwokoa mdogo wake kwa upendo, basi. Hazitamwonjesha hasira ya Meg anapompata baba aliyemhangaikia, akagundua kuwa baba naye hana jawabu. Asiyepita kwenye hasira hiyo, upendo ule kwake ni jibu la mtihani tu.

Na Kiingereza kigumu si sababu. Neno asilolijua aliruke, aendelee. Kamusi aifungue pale tu anapopotea kabisa, hajui nani kafanya nini.

Wauza mihtasari hawaishii kwenye riwaya hii. Wanafunzi wanafika kidato cha tatu na madaftari yamejaa dhamira, kitabu kizima hawajamaliza hata kimoja, na wazazi wamelipia. Mwalimu wa tuisheni akikuambia kusoma kitabu chote ni kupoteza muda, mtoe mtoto kwake.