Maswali ya Wasomaji: Masasisho Yapakuliwe Mara Moja, Yatumiwe na Kompyuta Zote

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa TEHAMA katika shule yenye kompyuta 40 zinazotumia mfumo endeshi wa Debian 12. Zote zimeunganishwa kwenye mtandao wa ndani na zinategemea laini moja ya intaneti yenye kasi ya megabiti 10 kwa sekunde. Kila siku ya masasisho laini hujaa tangu asubuhi, na walimu hushindwa hata kufungua barua pepe. Nimeshauriwa ninakili hazina yote ya Debian, yaani ghala la programu zake, kwenye seva yetu ili kompyuta zichukue masasisho humo. Je, ushauri huo ni sahihi? Pia ninahofia usalama, kwa kuwa seva hiyo itatumia http ya kawaida, isiyo na usimbaji. — Fundi wa shule

JIBU: Ndugu Fundi, kuwa na chanzo cha ndani ni wazo zuri, ila kunakili hazina nzima sikushauri. Tuchukue masasisho ya megabaiti 300 kwa kila kompyuta. Kompyuta 40 zitavuta gigabaiti 12, na kwa laini yako hiyo ni kazi ya saa 2 na dakika 40 hata kama hakuna mtu mwingine anayeitumia. Yakipakuliwa mara moja tu, laini itashughulika kwa dakika 4, na ugawaji wote uliobaki utapita kwenye nyaya zenu wenyewe. Lakini Debian 12 ilitolewa ikiwa na vifurushi vya programu zaidi ya 64,000, na sehemu kubwa ya hivyo kompyuta za shule hazitavigusa kamwe. Ukinakili vyote, utaitwika laini ileile unayotaka kuipunguzia mzigo.

Kinachokufaa ni seva ya akiba, na programu ya kazi hiyo ni apt-cacher-ng, ambayo imo ndani ya hazina ya Debian yenyewe. Kompyuta ya kwanza inapoomba kifurushi, seva hukichukua kwenye intaneti, humkabidhi mwombaji na kubaki na nakala. Kompyuta ya pili hadi ya arobaini hupewa nakala hiyo bila intaneti kuguswa. Isakinishe kwenye mashine yenye anwani ya IP isiyobadilika, kisha katika kila kompyuta tengeneza faili ndani ya saraka /etc/apt/apt.conf.d/ yenye mstari huu mmoja, ukiweka anwani ya seva yako:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";

Nambari 3142 ni mlango ambao programu hiyo husikiliza isipoelekezwa vinginevyo. Ukiwa na kompyuta za mkononi zinazotoka nje ya shule, usiziwekee mstari huo, kwa sababu zikifika nyumbani zitaitafuta seva isiyokuwepo na masasisho yatakwama. Zisakinishie kifurushi cha auto-apt-proxy, ambacho huitumia seva inapopatikana na huenda moja kwa moja kwenye intaneti inapokosekana.

Hofu yako kuhusu http ni ya haki na inastahili jibu kamili. Usalama wa vifurushi vya Debian haukuegemezwa kwenye njia vinakopita, umeegemezwa kwenye sahihi ya kidijitali. Hazina ina faili iitwayo InRelease, iliyotiwa sahihi kwa ufunguo wa Debian, na ufunguo wa umma wa kuihakiki tayari umo ndani ya kila kompyuta. Ndani ya faili hiyo mna alama za SHA256 (namba zinazokokotolewa kutokana na maudhui ya faili) za faharasa, yaani orodha, za vifurushi, na ndani ya kila faharasa mna alama ya SHA256 ya kila kifurushi. Mtu akibadilisha hata baiti moja ndani ya kifurushi kilichokaa kwenye seva yako, alama hazitalingana na kompyuta itakikataa. Kwa hiyo seva ya akiba haihitaji kuaminiwa. Ni mchukuzi tu. Mpangilio huu ndio unaoturuhusu kutumia http hapa, na kwa kweli ndio unaoiwezesha akiba kufanya kazi, kwa kuwa mawasiliano ya https yamefungwa kwa usimbaji na seva ya katikati haiwezi kuona kinachopita ili ikihifadhi. Kagua faili za vyanzo vya vifurushi kwenye kompyuta zako. Palipoandikwa https, akiba haitasaidia mpaka ubadilishe.

Kutokana na hayo kuna jambo moja ninalokusihi usilifanye. Mafundi wengi wanapokutana na kosa la sahihi huongeza maneno [trusted=yes] kwenye mstari wa chanzo, kosa likatoweka, wakaendelea na kazi. Maneno hayo huiambia kompyuta iache kuhakiki, na kuanzia hapo yeyote atakayeingia kwenye seva yako ameingia kwenye kompyuta zote 40. Kosa la sahihi litafutiwe chanzo chake, hata kama ni kwa siku nzima.

SWALI: Ndugu Mhariri, maabara yetu haina intaneti kabisa. Ninanakili hazina nyumbani kwenye diski ya nje, kisha ninaipeleka kazini. Mara nyingine kompyuta hulalamika kwamba alama hazilingani au faili haikupatikana, ingawa nimenakili kila kitu. Nakosea wapi? — Msomaji wa maabara

JIBU: Ndugu msomaji, katika hali yako seva ya akiba haifai, na nakala kamili kwa kutumia programu ya apt-mirror au debmirror ndiyo njia. Kosa lako nadhani liko kwenye mpangilio wa kunakili kutoka diski kwenda kwenye seva ya maabara. Faharasa ni orodha ya vilivyomo ghalani: ukiweka orodha mpya kabla ya bidhaa kufika, kompyuta itaomba kifurushi ambacho bado hakipo. Anza na saraka ya pool, yenye vifurushi. Ikikamilika ndipo unakili dists, yenye faharasa. Na vifurushi vya zamani vifutwe mwisho kabisa. Kompyuta itakayoomba kitu katikati ya kazi itakuwa bado inasoma orodha ya zamani, na bidhaa za orodha hiyo zitakuwa bado zipo.

Usisahau kunakili pia hazina ya masasisho ya usalama, ambayo hukaa mahali pake pa peke yake. Faili ya Release (au InRelease) ya hazina hiyo ina tarehe ya kumalizika muda, kwa hiyo ukichelewa kupeleka diski, kompyuta zitakataa nakala hiyo. Wengine huzima ukaguzi huo kwa kuona ni usumbufu. Mimi ninauona kuwa rafiki, kwa sababu hatari kubwa ya hazina ya ndani ni kuchakaa kimyakimya. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja ambako kila kompyuta ilisema haina sasisho linalosubiri, na wote walikuwa wametulia. Diski ya seva ilikuwa imejaa miezi 4 kabla, zoezi la kunakili lilikuwa likifeli kila usiku, na kompyuta zilikuwa zikijilinganisha na orodha iliyokufa. Mwaka 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha udhaifu wa Windows tarehe 14 Machi, na kirusi cha WannaCry kikaenea kupitia udhaifu huohuo tarehe 12 Mei. Ofisi ya Windows iliyochelewa miezi 4 kama ile ingekuwa katika hatari ya kuumia.

Kwa hiyo seva yoyote ya masasisho iwekewe kazi ya kila siku inayosoma tarehe iliyoandikwa ndani ya faili ya Release na kukutumia ujumbe ikizidi siku ulizojiwekea, pamoja na tahadhari ya diski inapofika asilimia 80.

SWALI: Ndugu Mhariri, je, kompyuta za Windows zina kitu kama hicho? — Msomaji

JIBU: Ndugu msomaji, zipo njia mbili za kawaida. WSUS ni huduma ya Windows Server inayopakua masasisho, ikamwachia msimamizi ayaidhinishe, kisha ikayagawa kupitia mlango 8530, au 8531 kwa https. Septemba 2024 Microsoft ilitangaza kwamba haitaiendeleza tena kwa kuiongezea uwezo mpya, ingawa bado imo ndani ya Windows Server 2025. Ukiitumia, chagua bidhaa na lugha mlizonazo tu, na uache kundi la viendeshi (programu za kuendeshea vifaa), maana hilo ndilo hujaza diski upesi. Kwa ofisi ya kompyuta chache ningeanza na Delivery Optimization, iliyomo ndani ya Windows 10 na 11, ambayo huziwezesha kompyuta za mtandao mmoja kupeana vipande vya masasisho bila seva ya ndani. Ifungue kwenye mipangilio ya masasisho, na uchague kompyuta za mtandao wa ndani peke yake, ili laini yenu isitumike kuwapelekea vipande watu walio nje.